KIRAKA CHENYE UHAI: MSHIPA KWANZA, NYAMA BAADAYE



Pikipiki ikimwangusha kijana pale Msimbazi, mara nyingi kinachoumia ni ugoko. Sababu ni nyepesi: mbele ya ugoko hakuna nyama. Ukijipapasa utaukuta mfupa mara tu chini ya ngozi. Ngozi ikichanika mfupa hubaki nje, hukauka, huingiwa na vijidudu na mwisho huoza. Hapo ndipo familia husikia daktari akisema, "Huyu atahitaji flapu." Wengi hukubali au hukataa bila kuelewa. Leo tulisome jambo hili.

Flapu ni nini?

Watu huichanganya na ngozi ya kupandikiza. Ngozi ya kupandikiza ni utando mwembamba unaochukuliwa, kwa kawaida pajani, na kubandikwa juu ya kidonda. Hauna mshipa wake wa damu, hutegemea kunyonya chakula kutoka chini yake. Ukiubandika juu ya nyama nyekundu yenye uhai, utashika. Ukiubandika juu ya mfupa mtupu, utakufa.

Flapu ni kipande cha ngozi, au nyama, au vyote viwili, kinachohamishwa pamoja na mshipa wake. Kinakwenda ugenini na chakula chake mkononi.

Mfano wa Kariakoo

Chukua mfano wa sokoni. Barabara ya Msimbazi ni mshipa mkubwa. Kutoka hapo bidhaa huingia mitaani, kisha kwenye vichochoro, mpaka kwenye meza ya muuzaji. Ukifunga mtaa mmoja, meza zinazotegemea mtaa huo peke yake hubaki tupu. Zile zenye kichochoro cha nyuma hupata mzigo kidogo kidogo, na kichochoro hicho kikitumika siku kadhaa hupanuka.

Mwili nao uko hivyo. Kila eneo la ngozi lina mshipa unaolilisha, na kati ya eneo na eneo vipo vijishipa vyembamba vya kuunganisha. Ndiyo maana wakati mwingine daktari hukata upande mmoja wa flapu, akasubiri wiki moja au mbili, ndipo aihamishe. Anasubiri vichochoro vipanuke.

Elimu hii haikuja siku moja. Ibn an-Nafis, tabibu wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu inavyopita kwenye mapafu kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine. Mwaka 1889 Mjerumani Carl Manchot alichora mishipa inayolisha ngozi. Mwaka 1987 Taylor na Palmer wa Australia waliugawa mwili katika maeneo ya mishipa yapatayo 40.

Mguu unavyolishwa

Chini ya goti mguu una mishipa mikuu mitatu inayoleta damu. Daktari huugawa ugoko mafungu matatu. Jeraha likiwa karibu na goti, hushusha nyama ya shavu la mguu, ambayo mshipa wake huingilia nyuma ya goti. Likiwa katikati, hutumia nyama iliyo chini ya hiyo. Likiwa karibu na kifundo, kazi ni ngumu, kwani hapo nyama ni haba. Huweza kugeuza ngozi ya nyuma ya mguu, inayolishwa na vijishipa vilivyo juu kidogo ya kifundo upande wa nje. Au huleta kipande kutoka mbali, na kuunganisha mishipa yake kwa darubini na uzi mwembamba kuliko unywele.

Mishipa hutafutwaje?

Kwanza ni vidole. Wewe mwenyewe unapotawadha, gusa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo upande wa ndani, utasikia mapigo. Pili ni dopla, kifaa kidogo kama kalamu kinachotoa sauti kikikuta damu inatembea. Daktari hutia alama ya wino kila kinapolia. Tatu ni picha ya siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Hii si ya kila mgonjwa. Huhitajika hasa mapigo yakiwa hafifu, au kipande kikitoka mbali. Mwenye ugonjwa wa figo, mzio au mimba aseme mapema.

Wajibu wa familia

Ajali ikitokea, bana panapovuja kwa kitambaa safi, funika, usirudishe mfupa ndani, wala usipake majivu, dawa ya meno au unga wa kahawa. Mpeleke hospitali haraka. Hapa Upanga, karibu kabisa na Kariakoo, ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kumtoa mgonjwa wodini ili akafungwe vijiti mtaani, na mfupa u wazi, ni kuupoteza mguu.

Baada ya upasuaji, siku 3 za mwanzo ndizo za hatari zaidi. Flapu nzuri ina joto, na ukiibonyeza hupauka kisha rangi hurudi kwa takriban sekunde 2. Ikiwa nyeupe na baridi, damu haiingii. Ikiwa ya zambarau na imevimba, damu haitoki. Yote mawili ni ya kumwita muuguzi saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Msiikande, msiikaze bandeji, mgonjwa asiilalie.

Sigara na shisha ziwe mbali, kwani hubana mishipa. Mwenye kisukari asiache dawa zake. Bandeji isiloweshwe bila ruhusa. Muulizeni sheikh namna ya kupangusa juu yake au kutayamamu.

Na kabla ya kusaini, muulizeni daktari maswali matatu: nyama itatoka wapi, mshipa wake umepimwaje, na tukiiacha itakuwaje? Akijibu, mtasaini au kukataa mkiwa mmeelewa, wala si kwa kubahatisha.

Wabillahi tawfiq.