Kanisa Nyumbani Mwenu

Wapendwa wanandoa, jumuiya ikija kusali kwenu, je, baba hutoweka mpaka wageni waondoke? Basi someni pamoja Matendo ya Mitume 18. Akula na mkewe Priskila, washona mahema, walitoka Roma yapata mwaka 49, Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi. Huko Korintho wakampokea Paulo kwao. Wakristo hawakuwa na majengo ya kanisa; walisali majumbani. Katika Waroma 16 Paulo anamsalimu mke kwanza (wazee wetu watashangaa!), lakini mume hamsahau.

Maaskofu wa AMECEA walipohimiza Jumuiya Ndogo Ndogo mwaka 1976, walirudia mtindo huo. Baba wa Kabazi, zamu yenu ikifika, toka shambani mapema, panga viti, soma Injili. Mama naye aketi asikilize; chai itangoja.