Umeokoka Lini? Mafunzo Niliyopata Katika Miaka ya Kubishana

Nina miaka 74. Nilikuwa mwinjilisti wa Kilutheri mkoani Kagera kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa bingwa wa mabishano ya dini. Biblia yangu niliipiga mistari kwa kalamu nyekundu kila ukurasa, hata kwenye orodha za vizazi, ili anayeikodolea macho ajue kwamba amekutana na mtu aliyesoma. Siku hizi vijana wanaopita kwangu huniambia, "Mzee, tufundishe kujibu hoja." Nawaelewa. Nawe unayesoma huenda unaongoza kikundi cha wanafunzi Wakristo cha UKWATA, au umeshajaza fomu za chuo cha Biblia, au una nia ya kusimama mimbarini siku moja. Utasimama, sina shaka. Ninachotaka ni usimame bila kuwa umekanyaga watu wengi kama niliowakanyaga mimi.

1. Tarehe si ushahidi

Niliokoka Aprili 1973, Jumapili, saa kumi jioni, kwenye mkutano wa nje uliomalizwa na mvua. Nalikumbuka hata shati nililovaa. Kwa kuwa mimi nilikuwa na tarehe, niliona kila mtu sharti awe nayo.

Wiki chache baadaye nilikwenda kwa bibi mmoja wa jirani, mshiriki wa kanisa tangu kabla sijazaliwa. Akanitolea kahawa ya kutafuna, kama ada ya kwetu Buhaya. Nikaikataa. Nilikuwa nimefunga, na nilitaka ajue kwamba nimefunga. Kisha nikamuuliza, "Bibi, umeokoka?"

"Nampenda Yesu, mjukuu wangu."

"Sikuuliza hilo. Umeokoka lini?"

Akanitazama kidogo, akaonyesha mbuni uliokuwa mbele ya mlango. "Ule ulishika mizizi tarehe ngapi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini kahawa uliyoikataa imetoka pale."

Niliondoka nikiamini kwamba amenikwepa. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba amenijibu.

Swali lile si baya kwa asili yake. Lililetwa kwetu na Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kwenye kituo cha misheni ya Kianglikana alikofanya kazi daktari Mwingereza Joe Church, rafiki wa Simeoni Nsibambi wa Uganda. Ulipita Uganda, ambako watu wake waliitwa Walokole, ukatufikia Buhaya mwishoni mwa muongo uleule. Wazee wale walitubu mbele ya watu. Walirudisha majembe waliyoiba, wakalipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, wakaacha pombe ya rubisi. Mmoja wao akikuuliza kama umeokoka, alikuwa ameshakutajia dhambi zake mwenyewe. Sisi wajukuu tulirithi swali, toba tukaiacha njiani. Swali lilikuwa mlango, nasi tukaligeuza kiboko.

2. Soma kitenzi kabla hujamrukia mtu kwa aya

Safari moja nilipanda MV Victoria kwenda Mwanza. Daraja la tatu, katikati ya mikungu ya ndizi, nikakutana na mhubiri wa kanisa jingine aliyeamini kwamba mtu akishaokoka hawezi kupotea tena. Mimi nilishikilia kwamba anaweza. Tulianza taa za Bukoba zikiwa bado zinaonekana, na usiku wa manane tulikuwa tumesimama, kila mmoja na Biblia yake mkononi. Mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi akajifunua khanga usoni akasema, "Walimu, nyote wawili mmeshaokoka. Sasa tuokoeni na sisi tulale."

Watu walicheka meli nzima. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebakiza aya tatu.

Nilichokuja kushangaa baadaye ni kwamba jibu lilikuwa limelala ndani ya Kiswahili changu mwenyewe. Fungua Biblia ya Union ya 1952. Waefeso 2:8, Paulo anasema mmeokolewa. Wakorintho wa Kwanza 1:18, tunaookolewa. Warumi 5:9, tutaokolewa. Mtume yuleyule, wokovu uleule, na viambishi vitatu: -me-, -na-, -ta-. Kigiriki nacho kina nyakati hizo tatu mahali hapohapo, kwa hiyo si watafsiri waliojiamulia. Yule mhubiri alikuwa ameng'ang'ania -me-, mimi nimeng'ang'ania -ta-, na -na- hakuwa na mtu wa kumtetea usiku ule.

Halafu kuna hili la kuokoka na kuokolewa. Sisi tunapenda kusema "nimeokoka". Ni kitenzi kizuri, ila kimejengwa kama "kikombe kimevunjika": hakisemi nani alitenda. Kuokolewa kunamdai mtendaji. Nimejisikiliza, nikagundua kwamba katika ushuhuda wangu wa dakika kumi nilikuwa natajwa mimi zaidi kuliko aliyeniokoa.

Mabishano yenyewe ni ya zamani. Sinodi ya Dordrecht, Uholanzi, ilikaa tangu Novemba 1618 hadi Mei 1619 juu ya hoja za wafuasi wa mwanateolojia Arminius, hilo la kupotea au kutopotea likiwamo. Walioshindwa walifukuzwa mimbarini. Miaka 400 na zaidi imepita, na bado linafaa kuwanyima watu usingizi kwenye meli. Sisemi usiwe na msimamo. Mimi ninao, na haujabadilika. Ila sasa najua aya za mwenzangu hazikutoka mfukoni mwake.

3. Uliza kwanza Yakobo alikuwa anasema na nani

Dada yangu aliolewa na Mkatoliki. Shemeji akifika nyumbani alikuwa akisema, "Tumsifu Yesu Kristo," na sote tunajua jibu ni "Milele amina." Kwa miaka miwili sikumjibu. Nilikuwa nakohoa. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa najitengenezea kikohozi kila Jumapili jioni, naona aibu mpaka masikioni.

Siku moja nilimfuata shambani kumweleza kwamba mtu haokolewi kwa matendo. Nilimkuta juu ya paa la mjane ambaye si ndugu yake, anaezeka. Nilisimama chini nikamhubiria Warumi sura ya 3 huku yeye ameshika misumari kwa meno. Alipomaliza safu, akaitoa misumari mdomoni akasema, "Shemeji, ni kweli kabisa. Nipe hilo bati."

Nikampa. Ndilo tendo jema pekee nililofanya siku ile.

Tatizo langu lilikuwa kuwapiganisha Paulo na Yakobo kana kwamba wamesimama ulingoni. Martin Luther mwenyewe alijaribu: katika utangulizi wa Agano Jipya lake la 1522 aliifananisha barua ya Yakobo na majani makavu, na kwenye Warumi 3:28 akaongeza kwa Kijerumani neno "peke yake" ambalo halimo katika Kigiriki. Mahali pekee katika Biblia nzima ambapo imani na "peke yake" vimekaa pamoja ni Yakobo 2:24, na pale neno "si" limetangulia. Nilipoligundua nilikuwa na miaka zaidi ya 50. Nilikaa kimya mchana kutwa, na mke wangu akauliza kama naumwa.

Lakini ukitulia utaona mitume hao wanatibu wagonjwa wawili tofauti. Paulo anasema na mtu anayedhani atamwingiza Mungu katika deni. Yakobo anasema na mtu anayemwambia mwenye njaa aende salama akashibe, bila kumpa hata ndizi. Dawa ya mmoja ukimpa mwingine unamuua. Mimi nilikuwa mgonjwa wa Yakobo niliyekuwa nikigawa dawa ya Paulo.

Ulipofika mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu walitia saini huko Augsburg, Ujerumani, tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Hawakumaliza kila tofauti, ila walikiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, wala si kwa stahili yetu. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Wakubwa wamepeana mikono, na huku kwetu shemeji alikuwa bado anaitikiwa kwa kikohozi.

4. Maji kidogo, maji mengi

Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, kwa maji ya kwenye bakuli. Mwaka 1975 mtu mmoja akanitia wasiwasi kwamba ubatizo ule haukuhesabika. Nikaenda naye ziwani alfajiri kwa siri. Alinizamisha vizuri, ila wimbi likanichukulia ndala moja, na nikarudi nyumbani nimelowa, nikichechemea. Mama akaniuliza kulikoni. Nikasema nimeteleza. Kwa hiyo tendo langu la kwanza baada ya ubatizo wangu wa pili lilikuwa kumwongopea mama.

Sitakuamulia jambo hili. Wapo walioteswa kwa ajili yake: huko Zürich, Felix Manz aliuawa Januari 1527 kwa kutoswa mtoni kwa sababu ya kubatiza watu wazima, tena waliomtosa walikuwa Waprotestanti wenzake. Lakini nakupa mambo mawili yaliyonilegeza shingo. Didake, maandiko ya Kikristo ya zamani sana ambayo nakala yake ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873, inaelekeza kubatiza katika maji yanayotiririka, na yasipopatikana, maji mengine, na yakiwa haba, kummiminia mtu kichwani mara tatu. La pili ni la jirani zetu Waganda. Mukasa Kiriwawanvu aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga mwaka 1886 akiwa bado mwanafunzi wa dini, hajaguswa na tone la maji ya ubatizo. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1964 pamoja na wenzake 21.

5. Waliochomwa pamoja na waliopigana baadaye

Hili ni fupi, kwa sababu linanichoma. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Buganda, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa siku moja, kwa amri moja. Tarehe 24 Januari 1892, hata miaka 6 haijatimia, huko Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki, na Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, akiwa upande wa Waprotestanti. Walioshindwa wengi walikimbilia Buddu, jirani na mpaka wetu. Huenda baadhi ya wapiganaji walikuwa wamewafahamu mashahidi wale kwa sura.

Siku ukiona unaanza kufurahia mabishano, rudi kwenye tarehe hizo mbili.

6. Si kila swali linaomba jibu

Hili ndilo nililoogopa kuliandika.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza. Walikufa mamia. Kwetu hakukuwa na kijiji kisicho na msiba, na vipo vilivyoomboleza bila mwili wa kuzika. Mama mmoja wa mtaa wangu alimpoteza kijana wake wa miaka 19. Kijana huyo alikuwa anakwenda kutafuta kazi. Kanisani alikuwa ameacha kuja, na kipaimara alikikimbia.

Siku ya tatu ya matanga mama yule aliniuliza, watu wakisikia, "Mwinjilisti, mwanangu yuko wapi?"

Nikafungua Biblia. Nilisema kwa dakika ishirini hivi. Njia mbili, lango jembamba, umuhimu wa kuamua mapema. Niliwageukia hata vijana waliokaa chini ya mgomba, nikawaonya. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, mwalimu," akaingia ndani. Hakukanyaga ibada yangu kwa miaka minne.

Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, ni kwamba nilipozipitia aya zangu usiku ule sikuona hata moja niliyoinukuu vibaya.

Baadaye nilikutana upya na Luka 13. Mtu anamuuliza Yesu kama wanaookolewa ni wachache. Yesu hatoi hesabu. Anawageuzia swali wanaomsikiliza: jitahidini kuingia. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara nyingi bila kuona kwamba lile la idadi ya waliomo na wasiomo limeachwa bila jibu, na kwamba mimi nilikuwa nalijibu kwa niaba yake, tena msibani. Nilisoma pia Warumi 2, Paulo anapowafikiria watu wasio na sheria ambao dhamiri zao zinawashuhudia. Nikasoma walichokiandika maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, kwamba hata asiyeijua Injili bila kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo wa kweli, anaweza kuokolewa. Wapo wasiokubaliana nao, na hoja zao nazijua, maana zilikuwa zangu. Ila hakuna anayekubali wala anayekataa aliyewahi kukabidhiwa daftari la majina.

Mwaka wa nne nilikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakunipa nafasi. Alinitolea kahawa ya kutafuna, safari hii nikatafuna, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilitaka uulize jina lake tu. Ulihubiri wee, jina lake hukulitaja."

Nikamuuliza. Akanitajia, akanieleza alivyokuwa mtundu, alivyopenda samaki, alivyokuwa akiimba bila kujua kuimba. Tulikaa mpaka jioni. Aya sikutoa hata moja.

Utaulizwa swali lile, wewe unayejiandaa. Litakuja mapema kuliko unavyodhani, na litakuja siku ambayo umesoma vizuri. Nakuomba uulize jina kwanza.

Mama yule alifariki mwaka 2014. Familia haikuniomba nihubiri. Waliniomba nishike upande mmoja wa jeneza pamoja na shemeji yangu, nikashika.