KAMBA SI DAWA

Mara nyingi tunaona mgonjwa wa akili akiletwa hospitali amefungwa kamba mikono na miguu. Akifika wadini, saa zingine hufungwa tena kitandani au kufungiwa chumbani peke yake. Jamaa husema, "Sasa tungefanya nini? Angetuumiza." Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini tujiulize, kamba inaponya nini?

Mtu akifungwa kwa nguvu anaweza kuumia, kukosa pumzi, hata kufa. Anayefungiwa peke yake huzidi kuogopa, na kesho akimwona nesi anaona adui.

Je, inawezekana kupunguza? Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilijaribu katika hospitali zake 9 za akili. Mwaka 1990 wagonjwa walifungiwa peke yao mara 4.2 kwa kila jumla ya siku 1,000 za kulazwa. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa mara 0.3 tu. Na wafanyakazi hawakuumizwa zaidi ya zamani.

Wakubwa waliamua kwamba kufunga si tiba, ni dalili kuwa matibabu yameshindwa. Kila tukio liliandikwa, na hesabu ikawekwa wazi. Wafanyakazi waliofunzwa kutuliza watu waliitwa mapema. Vurugu zikiisha, walikaa chini kuuliza zilianzia wapi.

Hata sisi, nyumbani na wadini, tunaweza:

1. Tujue dalili za mapema: halali, anatembea huku na huku, anakunja ngumi.

2. Azungumze naye mtu mmoja tu, polepole, kwa sauti ya chini. Watazamaji waondoke.

3. Akiwa ametulia tumwulize, "Ukianza kusikia vibaya, nini hukusaidia?" Tuandike jibu lake.

4. Tuhakikishe dawa hazikatiki.

5. Baada ya vurugu tukae naye, tusikilize bila kugombeza.

Ikibidi kabisa kumshika ili asiumie au asiumize wengine, iwe kwa muda mfupi. Asilazwe kifudifudi, na mtu asimwache hata dakika moja, akiangalia anavyopumua.

Maswali ya kikundi:

(a) Kijijini kwetu, ni nani amefungwa sasa hivi? Ni nani atakwenda kumwona wiki hii?

(b) Ni nani kati yetu anayeweza kuitwa mapema, kabla kamba haijatafutwa?