Hesabu ya Fermat

Hesabu 15 hugawanyika kwa 3 na kwa 5. Bali 17 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 17 yenyewe. Kwa hesabu nyingine yo yote hubakiza kitu. Hesabu kama hii ya pili huitwa tasa.

Zamani alikuwako Ufaransa mtu jina lake Pierre de Fermat. Kazi yake ilikuwa ya sheria katika mji wa Toulouse, lakini saa za nafasi alipenda sana elimu ya hesabu. Mwaka 1640 aliwaandikia wenzake habari za safu moja ya hesabu, nayo hufanywa hivi. Twaa 2, uizidishe kwa nafsi yake, upate 4. Tena 4 kwa 4 ni 16. 16 kwa 16 ni 256. 256 kwa 256 ni 65,536. Kisha ongeza 1 juu ya kila moja. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini ya kuwa zote zinazofuata ni tasa vilevile, ijapokuwa alikiri kwamba hajapata njia ya kulithibitisha neno hilo.

Ya sita ni 4,294,967,297. Haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5, maana mwisho wake ni 7. Haigawanyiki kwa 3, maana jumla ya tarakimu zake ni 59. Ukijaribu 7, 11, 13 na nyingine nyingi, kila mara hubaki kitu. Basi neno la Fermat likakaa miaka tisini na zaidi pasipo mtu kulipindua.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa Uswisi wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, katika Urusi, alionyesha ya kuwa hesabu hiyo hugawanyika kwa 641. Tazama:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Baadaye Euler alieleza kanuni ipunguzayo kazi. Tasa iwezayo kuigawanya hesabu ile, sharti yenyewe ikigawanywa kwa 64 ibakize 1. Za namna hiyo, kuanzia ndogo, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Mwenye kuijua kanuni hujaribu mara tano tu. Asiyeijua hujaribu tasa zaidi ya mia kabla ya kuifikia 641.

Fermat alikuwa bingwa, na mambo mengi aliyoyasema yalionekana kuwa kweli. Lakini sifa ya mtu haigeuzi hesabu. Mifano mitano iliyo sawa haikutosha kulithibitisha neno lake, na mmoja usio sawa ulitosha kulivunja. Hata leo, katika safu hiyo, baada ya 65,537 haijapatikana tasa nyingine.

MAZOEZI
1. Gawanya 4,294,967,297 kwa 193. Baki ni ngapi?
2. Onyesha ya kuwa 641 ikigawanywa kwa 64 hubakiza 1.
3. Kwa nini mifano mitano ya Fermat haikutosha?