Shokapu ya Mbele Ikivuja, Kagua Bomba Kabla ya Kununua Sili

Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa oili kwenye bomba linalong'aa la shokapu ya mbele, ukiwa umenasa vumbi na kugeuka tope jeusi. Wengi huufuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. Baadaye pikipiki inaanza kuzama mbele kila unaposhika breki, inagonga kwenye matuta, na mguu mmoja wa shokapu umelowa hadi kwenye ekseli. Fundi atabadilisha sili, nawe utalipa. Lakini sili mpya ikiwekwa kwenye bomba lenye kutu itakatika mdomo, na oili itarudi palepale.

Sili ni pete ya mpira iliyokaa kwenye mdomo wa bomba la nje. Kazi yake ni kuzuia oili isitoke wakati bomba la ndani linapanda na kushuka. BMW waliweka shokapu ya namna hii kwenye R12 mwaka 1935, na ile ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kuigwa sana na viwanda vya China, inafuata kanuni ileile. Kwa hiyo ukiijua moja, pikipiki nyingi za zamani hazitakushinda.

Anza na uchafu, maana ndio rahisi kuutoa. Inua mpira wa vumbi ulio juu ya sili. Kata kipande chembamba cha plastiki ya chupa ya maji, kipitishe taratibu kati ya sili na bomba, kisha kizungushe pande zote. Mara nyingi kitatoka na punje za mchanga. Futa, bonyeza shokapu mara kadhaa, tembea nayo siku moja uone. Usijaribu kazi hii kwa bisibisi: chuma kikigusa mdomo wa sili, kitaukata.

Kama bado inavuja, safisha bomba kwa petroli kidogo mbali na moto, kisha pitisha ukucha polepole kutoka juu hadi chini. Hapa usiwe na haraka. Ukucha ukikwama, umekuta kidoti cha kutu au mkwaruzo. Angalia kiko wapi. Kilicho juu, karibu na klampu, mahali sili isipofika, hakina madhara. Kilicho kwenye njia ya sili ndicho kinachokula mpira. Kikiwa kidogo, kilainishe kwa msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, ukisugua kwa kuzunguka bomba hadi ukucha upite bila kukwama. Shimo likiwa refu au kromu imebanduka, tafuta bomba jingine au lipeleke likapakwe kromu upya. Ni gharama, ndiyo, ila bila hivyo utanunua sili kila mara.

Ukiamua kufungua, egemeza injini juu ya kreti imara ili gurudumu la mbele lining'inie. Legeza klampu ya juu, halafu legeza kifuniko cha shokapu, mguu ukiwa bado umeshikwa na klampu ya chini. Toa gurudumu, breki na madigadi, kisha legeza klampu ya chini na uvute mguu. Bolti iliyo chini kabisa ya mguu ilegeze springi ikiwa bado ndani, kwa sababu msukumo wake husaidia kuzuia chuma cha ndani kisizunguke pamoja na bolti. Ndipo utoe kifuniko cha juu, lakini uso wako ukae mbali: springi inakisukuma kwa nguvu.

Mwaga oili, tenganisha mabomba, toa klipu ya waya, kisha ng'oa sili bila kuchubua ukuta wa bomba la nje. Viringisha bomba la ndani juu ya kioo. Likidundadunda, limepinda, na sili mpya haitalisaidia.

Sili ina namba tatu, kwa mfano 31-43-10.3: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Nenda dukani na sili ya zamani. Nunua mbili, ubadilishe miguu yote miwili. Funika ncha ya bomba kwa mfuko wa nailoni uliopakwa oili, pitisha sili juu yake, upande wenye springi ndogo ukitazama chini kwenye oili. Igonge kwa kipande cha bomba la plastiki linaloienea, ikae sawa pande zote, hadi mfereji wa klipu uonekane wote.

Oili ipimwe. Fuata aina na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na miguu yote ipate sawasawa. Ukizidisha, nafasi ya hewa inapungua, shinikizo linapanda na kuisukuma sili hata ikiwa mpya. Usisahau washa ya shaba kwenye bolti ya chini. Iliyochoka nayo huvujisha.

Kabla ya kurudisha gurudumu, kagua breki. Diski isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, na pedi au brekishuu zilizonyonya oili zitupwe, kwa kuwa kuzisugua kwa msasa hakuzirudishii uwezo wa kushika. Jaribu breki ya mbele kwanza kwa mwendo wa kutembea, uwanjani, kabla hujapakia abiria.