Vijana wa vyuo na mashindano ya biashara: Takwimu nayo ina sanadi

Vijana wetu wa vyuo vikuu, hasa wanaosoma biashara na uhasibu, wanaingia kwenye mashindano ambayo wazazi wengi hawajapata kuyasikia. Timu ya wanafunzi, mara nyingi wanne, inapewa karatasi zenye kisa cha kampuni iliyo katika matatizo: historia yake, mahesabu yake, washindani wake, na swali la mkurugenzi asiyejua afanye nini. Timu inaingia chumbani na mlango unafungwa. Muda ukiisha inasimama mbele ya majaji na kutoa ushauri. Katika Chuo Kikuu cha Concordia, mjini Montreal, Kanada, ambako mashindano ya namna hii ya wanafunzi wa shahada ya uzamili yalianza mwaka 1981, timu hupewa saa tatu kwa kisa. Kwingine hupewa saa 24.

Msomaji anaweza kuuliza, mwalimu wa dini yanamhusu nini haya? Yanamhusu kwa sababu vijana hao hao ndio wanaokaa darsani jioni, na maswali wanayotoka nayo huko si ya biashara peke yake.

Kwanza tuujue mtindo wenyewe. Kusomesha kwa visa kulikuzwa na Shule ya Biashara ya Harvard, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1908. Aliyeusimamia ni Wallace Donham, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo kuanzia 1919, na yeye mwenyewe alisomea sheria hapo Harvard, ambako wanafunzi walifundishwa kwa kesi zilizokwisha kuamuliwa mahakamani. Mwanafunzi hapewi kanuni akaikariri. Anapewa tukio, anatafuta kanuni ndani yake. Aliyesoma fiqhi hatashangaa sana.

Na si mchezo wa kupoteza wakati. Mwaka 2017 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, wenye asili ya Pakistan, walishinda tuzo ya Hult ya dola milioni moja kwa mpango wa usafiri wa bajaji za kuchangia katika mtaa wa Orangi, Karachi. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 2010 yalikuwa ni mashindano ya visa vya biashara.

Sasa tuje kwenye saa tatu. Tuseme kisa ni cha mwenye tanuri la mikate. Gharama zake za kudumu kwa mwezi, yaani pango, mishahara na umeme, ni shilingi 6,000,000. Mkate anauuza shilingi 1,500, na unga, sukari na vitu vingine vinamgharimu shilingi 1,100 kwa mkate. Anapata hasara. Anauliza: nifanyeje?

Timu nyingi hapo hapo hukimbilia kompyuta na kuanza kupamba slaidi. Mmoja anachora nembo mpya, mwingine anaandika tangazo la redio, wa tatu anapendekeza duka la mtandaoni. Saa nzima inakwisha. Hakuna aliyekaa akagawanya. Kila mkate unamwachia shilingi 400. Ili afidie milioni sita lazima auze mikate 15,000 kwa mwezi, sawa na 500 kwa siku. Na katika ukurasa wa mwisho, kwenye jedwali dogo ambalo hakuna aliyelisoma, imeandikwa kuwa tanuri lina uwezo wa mikate 420 kwa siku. Hata akiuza mikate yote aliyooka, kila mwezi atakosa shilingi 960,000. Matangazo yatamsaidia nini mtu huyu?

Ndiyo maana nawaambia vijana: dakika ishirini za mwanzo kila mtu asome kimya, kisa chote, pamoja na majedwali. Kisha dakika kumi na tano mkubaliane swali ni lipi hasa. Saa moja iwe ya hesabu. Slaidi zingoje, dakika arobaini na tano zinazitosha. Mkitoa ishirini za kuamua na ishirini za mazoezi ya kusema, saa tatu zimekwisha.

Lakini tatizo kubwa kuliko kupoteza muda ni lile linalofuata muda ukibanwa. Kijana ana nafasi tupu kwenye slaidi inayohitaji takwimu. Dakika zimebaki kumi na mbili. Anaandika kwamba asilimia 60 ya wateja wanataka mkate wa ngano nzima, na chini yake anaweka maneno "utafiti wa soko". Utafiti upi? Wenzake wanajua hakuna. Wananyamaza kwa sababu saa inakimbia na slaidi inapendeza.

Hapa Muislamu hana udhuru wa kusema hii ni biashara na dini ni kitu kingine. Surat Al-Israi aya ya 36 inatukataza kushika jambo tusilolijua, na Surat Al-Hujurat aya ya 6 inataka habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi. Na sisi ndio umma uliokuwa na watu wa hadithi, watu waliotembea mwezi mzima kuhakiki riwaya moja. Hawakuishia kugawa mapokezi kuwa ya kweli na ya uongo. Waliweka daraja: sahihi, hasan, dhaifu, ya kutungwa. Dhaifu hawakuificha. Waliiandika wakasema ni dhaifu, na kwa nini.

Timu ifanye hivyo hivyo. Kila namba iulizwe: umeipokea kwa nani? Iliyoandikwa ndani ya kisa ina nguvu. Iliyopatikana kwa hesabu kutokana na zile za kisa ina nguvu ya hesabu hiyo. Iliyotoka kichwani mwenu ni makisio, na iitwe makisio kwenye slaidi yenyewe, kwa herufi zinazosomeka. Isiyo na mwenyewe itupwe.

Wapo wanaosema mbele ya majaji ukikiri udhaifu umekwisha. Sidhani. Katika vitabu vya sira imepokewa kwamba kabla ya vita vya Badr, Swahaba Hubab bin Mundhir (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama mahali walipopiga kambi pameamriwa na wahyi au ni rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, alishauri wasogee kwenye visima, na ushauri ukakubaliwa. (Wapo wanazuoni wa hadithi walioidhoofisha sanadi ya kisa hiki, nakitaja kwa daraja lake.) Adui alikuwa njiani, muda haukuwepo, na bado swali la kwanza lilikuwa kutenganisha kisichobadilika na kile ambacho ni maoni.

Swali la pili wanaloniletea ni riba. Tanuri la pili linahitajika, na jibu ambalo kila timu inalitoa ni mkopo wa benki. Kijana anaogopa akisema vinginevyo ataonekana amegeuza mashindano kuwa mawaidha. Basi asiwaidhi. Apige hesabu. Tanuri lichukuliwe kwa ijara, tuseme kwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Gharama za kudumu zinakuwa 6,800,000, na mikate inayohitajika ni 17,000 kwa mwezi, yaani 567 kwa siku, wakati uwezo sasa ni 840. Kodi nayo italipwa hata mkate ukidoda, jaji atalisema hilo na atakuwa na haki. Tofauti ni kwamba tanuri ni mali ya mkodishaji, likiharibika bila uzembe wa mwokaji msiba ni wa mwenyewe, na kwa muda ambao halifanyi kazi halidaiwi kodi. Wala si nadharia: Gulf African Bank ilifunguliwa Kenya mwaka 2008 na Amana Bank ikaanza hapa Tanzania 2011. Kisa cha kiwanda cha pombe ni kizito zaidi. Huko ni bora kuwauliza waandaaji mapema kuliko kubishana chumbani.

Swala ziingizwe kwenye ratiba kabla ya kitu kingine chochote, hasa katika mashindano ya saa 24. Isipoandikwa, Laasiri itapita mmeinamia jedwali.

Sasa majaji wanauliza: "Mmejuaje kwamba watu watanunua mikate 567?" Timu ya slaidi nzuri itasema tafiti zinaonesha, na jaji ataomba jina la utafiti. Timu niliyoitaka itajibu: "Hatujui. Kisa kinasema mikate inakwisha kabla ya saa nne asubuhi, lakini hakisemi ni wangapi wanaorudi mikono mitupu. Tumekisia 180 kwa siku. Wakiwa chini ya 147 ushauri wetu haufai, kwa hiyo tunamtaka mwenye tanuri awahesabu dirishani kwa wiki mbili kabla hajasaini mkataba."