SANDUKU LILILO LANGONI

Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 12:4-15, 2 Nyakati 24:4-14, 2 Wakorintho 8:20-21



Wiki hii nimeombwa nifundishe juu ya sanduku letu jipya la sadaka ya wahitaji. Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Sanduku la kwanza lilikuwa la mbao, limepigiliwa kwenye nguzo ya lango, na kufuli moja ndogo. Ufunguo nilikaa nao mimi peke yangu. Pesa zilipoanza kupungua, watu wakanong'ona: "Ni soja." Hakuna aliyemwona akiiba, lakini tulimwachisha kazi, na mimi nilikuwa kwa hicho kikao. Miezi miwili baadaye nikafungua sanduku, nikapata waya umeangukia ndani, umepakwa gundi ya panya, na noti ya mia mbili imenata kwenye ncha. Mtu alikuwa anavua pesa zetu kama samaki, na soja alikuwa ameshaenda kwao.

Nilipanda matatu hadi Runyenjes kumwomba msamaha. Alinikaribisha chai, kisha akasema, "Mzee, nyinyi mlipoteza pesa kidogo. Mimi mlinipotezea jina." Sikuwa na jibu. Alinisamehe, lakini hilo neno sijalisahau.

1. Mungu hachukii kufuli

Kuna ndugu waliosema sanduku la chuma ni kukosa imani. Tusome Neno. Hata mwaka wa 23 wa Mfalme Yoashi, nyumba ya Bwana ilikuwa bado haijatengenezwa. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko. Kitabu cha Nyakati kinasema liliwekwa nje, langoni. Watu walitoa kwa furaha, na kazi ikafanyika. Kati ya waliolipwa walikuwako mafundi wa chuma. Kwa hivyo fundi wetu wa jua kali yumo ndani ya Biblia!

2. Jinsi tulivyolijenga

Naandika haya ili makanisa mengine, kuanzia Embu na Chuka hadi Nkubu na Meru, yasirudie kosa letu.

Sanduku ni la bamba la chuma la milimita 3, limechomelewa pande zote. Bawaba ziko ndani, mwizi hapati pa kukata. Tundu lina urefu wa sentimita 5 na upana wa milimita 6 tu: noti iliyokunjwa inapita, mkono haupiti. Chini ya tundu kuna kibamba kilicholala mteremko, na kingine chini yake kinachoelekea upande mwingine. Pesa inateleza chini, lakini waya unagonga chuma. Hii ndiyo dawa ya gundi ya panya.

Kufuli ni mbili, kila moja imefichwa ndani ya kipande cha bomba, mkasi wa chuma usiifikie. Sanduku limesimama juu ya bomba nene lililojazwa simiti na kokoto, likazikwa sentimita 60. Mguuni tulichomelea vyuma vya msalaba, lisizungushwe na kung'olewa. Juu kuna kikofia cha kuzuia mvua zetu za mlimani, na chini vitundu vidogo vya kutoa unyevu. Rangi ya kuzuia kutu ilitangulia.

3. Kufuli kubwa ni watu wawili

Mpendwa, hakuna chuma kisichokatika mwizi akipewa usiku mzima. Yuda Iskariote hakuvunja chochote. Alishika mfuko mwenyewe (Yohana 12:6). Sanduku la Yehoyada lilifunguliwa na karani wa mfalme pamoja na msimamizi wa kuhani mkuu, wakalimwaga, wakalirudisha, siku baada ya siku.

Sisi pia: funguo mbili, watu wawili wa nyumba tofauti. Linafunguliwa kila jioni, wanahesabu pamoja, wote wanatia sahihi kwa kitabu, na Jumapili hesabu inasomwa mbele ya kanisa. Mwizi akijua ndani hakuna kitu usiku, atajisumbua na nini?

Wengi sasa mnatoa kwa M-Pesa, Mungu awabariki. Lakini yuko mama anayetoka sokoni na shilingi yake ishirini mkononi. Yesu aliketi akamwona mjane kama huyo (Marko 12:41-44). Hiyo ishirini lazima ifike.

4. Sanduku hulinda jina

Paulo aliposhika mchango alijihadhari asilaumiwe na mtu. Utaratibu mzuri unalinda pesa, na unamlinda pia maskini aliye karibu na pesa: soja, shemasi, kijana anayefagia. Tungekuwa na funguo mbili na kitabu, yule ndugu hangeshukiwa.

Maswali ya kutafakari
1. Kuna mtu umemshuku bila ushahidi? Utamwendea lini?
2. Kwa chama au nyumba yako, ni pesa gani inashikwa na mtu mmoja tu?

Tuombe: Bwana, tufanye waaminifu mbele zako na mbele za watu. Amina.